Nani Ameishika Metali? Rangi za Azo na Maji ya Shinyanga

Mhadhara huu ulitolewa Samuye, mkoani Shinyanga, mbele ya walimu, wanafunzi, wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.

 

Nilipokuwa naingia, mzee mmoja alinisimamisha mlangoni. Alikuwa amesoma tangazo lenye mada yangu kwa kirefu: "Usanisi na Sifa za Changamano za Metali za Mpito zenye Ligandi za Azo." Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni dawa ya ng'ombe?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee hakuwa mbali na ukweli. Kwenye ng'ombe tutafika.

Kusudi langu ni kujenga hoja moja kwa hatua nne. Hoja yenyewe ni hii: rangi inayozaliwa metali inaposhikwa na azo ni ushahidi unaoweza kusomwa kwa macho, hata hapa kijijini, lakini ni shahidi anayetakiwa kuhojiwa, kama tunavyomhoji shahidi barazani.

Kwa nini niyaseme haya Samuye? Tazameni tulipokaa. Upande mmoja tuna almasi za Mwadui, upande mwingine dhahabu ya Bulyanhulu, na ukiendelea mbele unafika Geita. Mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia (mchanga wa madini) yalipozuiliwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya swali la kikemia: ndani ya mchanga huu mna metali gani, na kiasi gani? Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulipopasuka na tope likafunika mashamba na nyumba, swali lilikuwa lile lile, ila safari hii lilikuwa mlangoni kwa mtu. Sisi watu wa ukanda huu tunaishi juu ya metali, na majibu kuhusu metali huwa tunaletewa na wengine.

Kwanza: azo ni nini, na inapikwaje

Azo ni atomu mbili za nitrojeni zilizoshikana kwa mkono maradufu, kila moja ikiwa imeshika pia pete ya kaboni upande wake. Basi. Pete, nitrojeni, nitrojeni, pete. Mpangilio huo unaruhusu elektroni kutembea kutoka pete hadi pete kama watu kwenye veranda isiyo na ukuta, na elektroni zikitembea hivyo humeza sehemu ya mwanga tunaouona kwa macho. Kinachobaki ndicho tunachokiita rangi: njano, chungwa, nyekundu.

Mlango wa kazi hii ulifunguliwa mwaka 1858 na Mjerumani Peter Griess, ambaye baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Allsopp, mjini Burton-on-Trent, Uingereza. Mchana anapima bia, muda wake mwingine anatafuta rangi. Njia iliyotokana na ugunduzi wake haijabadilika sana. Unachukua amini yenye pete, mfano anilini au asidi ya sulfaniliki. Unaiyeyusha, unaitia asidi ya hidrokloriki, halafu unadondosha nitriti ya sodiamu tone kwa tone. Chombo kinakaa ndani ya barafu, kati ya nyuzi 0 na 5 za Selisiasi, hakitoki hapo. Ulichokipata kinaitwa chumvi ya diazo, na ni kitu chenye hasira. Kikipata joto kinatoa mapovu ya nitrojeni na kazi yako imekwisha. Kikikauka kinaweza kulipuka. Kwa hiyo hakikaushwi. Kinamiminwa kikiwa bado baridi ndani ya myeyusho wa naftoli wenye alkali, na hapo hapo, kabla hujapepesa jicho, rangi inatokea.

(Wanafunzi, hili ni somo, si maagizo. Anilini inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Bila mwalimu, glavu na chumba chenye hewa, msiguse.)

Nimekuja na kitambaa. Kipokezaneni kuanzia safu ya kwanza. Ni pamba nyeupe niliyoilowesha jana kwenye naftoli, nikaianika, kisha nikaitumbukiza kwenye diazo ya paranitroanilini iliyokaa kwenye barafu. Barafu yenyewe ni ile ya vifuko vya plastiki, nimeinunua kwa mama muuza maji ya baridi pale stendi ya Shinyanga. Mnaona nyekundu hiyo? Haikupakwa juu ya uzi, imezaliwa ndani ya uzi, ndiyo maana maji hayaitoi. Waingereza walianza kutia pamba rangi kwa njia hii mwaka 1880, na rangi za jamii hii zikapewa jina la rangi za barafu.

Sisi wakulima wa pamba tuna sababu nyingine ya kuikumbuka azo. Zamani pamba haikukubali rangi kirahisi, ilihitaji kwanza dawa ya kushikizia. Rangi ya kwanza ya viwandani iliyoshika pamba moja kwa moja ilikuwa azo ya Mjerumani Paul Böttiger, na kampuni ya AGFA iliitoa sokoni mwaka 1885, wakati Mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika uko midomoni mwa watu. Wakaiita Nyekundu ya Kongo. Haina uhusiano wowote na Kongo. Bara lilikuwa habari ya mjini, wakalibandika kwenye pakiti ya rangi.

Na sasa ng'ombe. Mwaka 1904 Paul Ehrlich na Kiyoshi Shiga walionyesha kwamba rangi moja ya azo, nyekundu, inaweza kuua vimelea vya jamii ya wale wa malale ya watu na nagana ya ng'ombe ndani ya panya. Kutoka hapo watu wakaanza kuzitazama rangi kama dawa. Ule unga wa njano wa kutibu ng'ombe mnaouita Berenil, ulioingia sokoni mwaka 1955, hutengenezwa kwa kupitia diazo ile ile ya kwenye barafu, isipokuwa wenyewe una nitrojeni tatu mfululizo badala ya mbili. Ni binamu wa azo. Na mkoa huu ndipo Swynnerton alipofanyia utafiti wa mbung'o, wanaoeneza vimelea hivyo, katika miaka ya 1920 na 1930, hata aina moja ya mbung'o ikaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo, mzee wangu wa mlangoni, jibu ni: karibu kabisa.

Pili: metali inapoingia

Azo peke yake ni rangi. Azo iliyowekewa mkono mwingine pembeni, mfano oksijeni ya naftoli, inakuwa koleo, au ligandi kwa lugha ya wakemia. Watu wa Geita na Buzinza wanajua habari za Warongo, wahunzi walioyeyusha chuma huko kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Mhunzi hashiki chuma cha moto kwa kidole kimoja, anakibana kwa koleo, pande mbili. Ligandi ya azo hufanya hivyo: nitrojeni moja inabana upande huu, oksijeni upande ule, na metali inakaa katikati. Kitu hicho kizima, metali pamoja na walioishika, ndicho changamano.

Kuitengeneza ni kazi nyepesi kuliko kutengeneza azo yenyewe. Unayeyusha ligandi ndani ya ethanoli, unayeyusha asetati ya shaba pembeni, unachanganya ligandi mbili kwa shaba moja, unachemsha taratibu kwa mvuke unaorudishwa, kisha unaacha ipoe. Fuwele nyeusi-kahawia zinatua chini. Ndani yake kila shaba imebanwa na makoleo mawili.

Koleo ninalolipenda zaidi lina meno matatu. Wakemia huliita PAN. Lina nitrojeni ya pete ya piridini, nitrojeni ya azo na oksijeni ya naftoli, na yote matatu hushika metali moja kwa wakati mmoja. Hapa mezani nina karatasi ya chujio niliyoilowesha PAN ndani ya spiriti. Ni ya njano-chungwa. Nadondosha tone la mrututu, yaani chumvi ya shaba, huu huu wa wakulima, niliouzimua mpaka maji yanaonekana meupe kabisa. Mwenyekiti, njoo utazame. Zambarau iliyoelekea wekundu. Shaba ikiwa peke yake ndani ya maji ina buluu hafifu sana, kwa sababu elektroni zake humeza mwanga kwa uchoyo. Ikishikwa na PAN, umezaji wa mwanga unapanda zaidi ya mara elfu. Ndiyo maana jicho linaona sasa kile ambacho dakika moja iliyopita halikukiona.

Mwanafunzi makini atauliza: rangi hii ni ya shaba au ya azo? Zinki inatusaidia kujibu. Zinki haina rangi kabisa, elektroni zake za ndani zimejaa, hazina pa kurukia. Lakini ukiipa PAN, inageuka nyekundu. Basi rangi ni ya koleo, na metali kazi yake ni kulikaza: inavuta elektroni za azo upande wake, na azo inabadili kipande cha mwanga inachokimeza. Kobalti inalikaza kwa namna nyingine, inatoa kijani.

Wachimbaji, naona mmeanza kutazama saa. Nanyi mnatengeneza changamano kila siku. Dhahabu haiyeyuki kwenye maji, lakini ukiyatia marudio, yaani mabaki ya mchanga wa dhahabu, sayanidi na hewa, sayanidi mbili huibana atomu moja ya dhahabu huku na huku, ikatembea ndani ya maji kama chumvi. Ni njia ya MacArthur na ndugu wawili Forrest, Glasgow, mwaka 1887. Na mwenye mtambo anapolalamika kwamba mchanga wa sehemu fulani unakula sayanidi, mara nyingi mlaji ni shaba: nayo inataka kushikwa, na inashikwa kabla dhahabu haijamalizika kuyeyuka.

Hapo ndipo kiini cha mhadhara wangu kilipo. Chukueni ile karatasi ya zambarau. Nikiitia tone la sayanidi (sitatia, msiogope), zambarau itatoweka na njano-chungwa itarudi. Shaba haijaondoka, ipo pale pale kwenye karatasi. Imebadilisha mikono tu: sayanidi inaishika kwa nguvu kuliko PAN. Sasa fikirini mtu anayepima kwa PAN maji yaliyovuja kutoka bwawa la mtambo wa kuchenjua. Anatazama, haoni rangi, anaandika "shaba hakuna." Ameandika uongo bila kudanganya. Rangi haikumwambia kama metali ipo. Ilimwambia nani ameishika.

Tatu: meno ya kahawia

Nitakaa hapa kuliko kwingine, kwa sababu jambo hili tunalo midomoni mwetu. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi. Mtoto akiinywa miaka ile meno ya ukubwani yanapojengwa ndani ya ufizi, yanaota yakiwa na mabaka ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Na magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage nayo yanaweza kuleta yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu moja tu: ukifunga kila kisima kinachozidi, watu watakunywa nini?

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kukuonya. Inaonekanaje? Rudini kwenye barafu. Chukua asidi ya sulfaniliki, ifanye diazo, iunganishe na asidi ya kromotropiki. Unapata azo nyekundu yenye jina refu ambalo wakemia wamelikata kuwa SPADNS. Ipe metali ya mpito, zirikoni, ndani ya asidi. Unapata changamano nyekundu iliyokolea. Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Bellack na Schouboe, walionyesha kwamba changamano hii inaweza kupima floraidi. Hesabuni: miaka 100 kamili tangu Griess.

Kazi yake ni ya kinyume, na ndiyo inayonifurahisha. Mililita 10 za maji ya kisima, mililita 2 za SPADNS yenye zirikoni, subiri dakika moja. Zirikoni inaipenda floraidi kuliko inavyoipenda azo. Floraidi ikiwepo, inaipokonya azo metali yake na kwenda nayo, na wekundu unapungua. Floraidi nyingi, wekundu kidogo. Unaweka mirija miwili kwenye mwanga, mmoja una maji yaliyotoneshwa, mwingine maji ya kisima, na hata bila mashine jicho linaona upi umefifia. Mwenye mashine anapima mwanga wa nanomita 570 na kupata namba. Tunapima kitu kwa kile kilichoibwa, kama mfugaji anayejua fisi amekuja kwa kuhesabu mbuzi waliobaki.

Sasa kosa langu. Nilipokuwa fundi mchanga, katika maabara ambayo sitaitaja, mama mmoja alileta maji ya kisima chao ndani ya dumu. Nikapima. Wekundu ulikuwa umefifia mpaka mwisho wa kipimo, nikaandika 1.4, nikamwambia yanafaa, kikomo ni 1.5. Akashukuru, akaondoka na karatasi yangu. Mkuu wangu wa kazi, mama mkimya sana, alipitia daftari jioni akaniuliza neno moja: "Umezimua?" Sikuwa nimezimua. Kipimo hiki kinaishia 1.4. Floraidi ikizidi hapo, haina tena wekundu wa kutosha wa kuondoa, na namba unayoiona ni ya mwisho wa rula, si ya urefu wa kitu. Nikazimua mara tano, nikapima upya, nikazidisha. Yalipita 6. Ilinichukua siku tatu kumpata yule mama, na nilipofika kwake watoto wawili walitoka nje kunisalimia wakitabasamu. Sikuhitaji mashine.

Kuna mtego wa pili, na huu ni wetu hasa. Maji ya lambo yakiwa na tope tunayatia shabu yatulie. Shabu ni chumvi ya alumini, na alumini nayo inaishika floraidi. Basi unapopima, floraidi imeshikwa na alumini, haina nafasi ya kuiendea zirikoni, wekundu haufifii, na maji yanaonekana mazuri kuliko yalivyo. Kinyume chake, klorini inaharibu rangi yenyewe, na maji safi yanaonekana mabaya. Ndiyo maana maabara inayojiheshimu hutonesha sampuli kwanza kabla ya kuipima. Kila mara swali ni lile lile: nani ameishika metali, na nani amekishika kile kinachoitafuta?

Watu huniuliza dawa. Zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaishika floraidi maji yanapopita. Na maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele yameupunguzia mkoa huu mzigo mkubwa. Lakini bomba halijafika kila kaya, na mashine ya kisima ikiharibika, au bili ikichelewa, watu wanarudi kwenye kisima cha zamani siku hiyo hiyo.

Nne: rangi hizi si malaika

Hili nitalipita haraka. Baadhi ya azo zikivunjwa na bakteria pasipo hewa, hata ndani ya utumbo, huachia amini zinazosababisha saratani. Nyekundu ya Kongo ni mojawapo, kwa kuwa imejengwa juu ya benzidini. Azo nyingine, Sudani namba moja (jina jingine la Afrika lisilo na Afrika ndani yake), ilikutwa kwenye unga wa pilipili, na mwaka 2005 Waingereza waliondoa madukani mamia ya vyakula. Dawa nyingi za SPADNS zina aseniti ya kuua klorini, na aseniti ni sumu. Mabaki ya kipimo hayamwagwi chini ya mwembe wa shule. Yanakusanywa kwenye chombo chenye kifuniko na lebo, na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kanda yake ya Ziwa iko Mwanza.

Wachimbaji wanaotumia zebaki waliniuliza asubuhi kama wao nao wana koleo lao. Lipo, linaitwa dithizoni, na lina nitrojeni mbili zile zile. Likiyeyushwa ni la kijani; likishika zebaki linageuka chungwa. Ukiiweka changamano hiyo juani inageuka buluu, ukiirudisha kivulini inarudi chungwa. Nimelifanya mara nyingi na bado huwa naita watu waje waone. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mkataba wowote unahitaji watu wa kupima kwenye mialo ya dhahabu, siyo wa kusaini tu.

Kwa hiyo tunafanyaje kuanzia kesho? Nimekubaliana na walimu wa kemia tuanze na visima, si migodi, kwa sababu kisima kina mwenyewe na mlango wake uko wazi. Kila kitongoji kitaleta maji mara mbili: sasa, na tena kiangazi visima vikipungua kina. Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo. Isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho. Msitie shabu, msitie dawa ya klorini, na kama mmeshatia, andikeni. Andikeni jina la kisima, tarehe, na mtoto aliyeyachota. Wanafunzi wa kidato cha nne watapima bila kuzimua, kisha wakiwa wamezimua mara tano, na namba zote mbili zitaandikwa kwenye daftari moja, hata zikigombana. Zikigombana ndipo mnipigie simu. Sampuli moja kati ya kumi itakwenda Mwanza, tuone kama macho yetu yanakubaliana na mashine yao.

Kitambaa changu chekundu sijui kimefika wapi. Naomba kirudi, ndicho pekee nilicho nacho. Mwenyekiti, naona mkono kule nyuma, na mwenye mkono ameshika dumu. Karibu, mama.